Koti Lisilo na Ziada

Jumanne, Novemba 1966

Leo nimeumbuka kwa koti la mteja. Kumbe hapa Landani fundi wa suti huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mteja akinenepa koti lipanuliwe. Mie nimelikata kama kanzu, sawasawa na kipimo, maana kwetu Unguja fundi akibakisha kitambaa anaitwa mwizi.

Bosi alilipindua koti. "Hamadi, ziada iko wapi?"

"Sijapoteza hata uzi, sir!" Nilijigamba, meno yote nje.

Hakucheka. Mteja alipimwa kiangazi, na kesho saa nne anakuja kulijaribu. Likimbana, basi tena.

Juma, ninayekaa naye chumba kimoja, kanicheka. "Si ulimwambia bosi umewashonea suti mabalozi?"

"Nilimwambia."

"Basi kawashonee tena, bwana."

Nikacheka naye, lakini naogopa. Kibali changu cha kukaa hapa kinategemea barua ya bosi. Akinifukuza narudishwa Unguja, na wale waliomchukua kaka yangu baada ya mapinduzi wanalo jina langu pia.

Ya Rabbi, simwombei yule mteja maradhi. Mkoseshe hamu ya kula tu, mpaka kesho asubuhi.