Tiki Moja ya Shee

Jumanne, Mfungo Mosi 6, baada ya alasiri

Kosa la wengi wetu ni kuona tiki moja kwenye WhatsApp na kukata kauli kwamba tumeblokiwa. Nami nimelifanya, mwalimu mzima.

Nilibishana na mdogo wangu Shee, aliye kisiwani, Faza, juu ya kuandama kwa mwezi. Yeye akasali Idi siku moja kabla yangu, nami nikamwambia maneno makali. Tangu hapo ujumbe wangu haumfikii. Idi nzima sikuwa na raha.

Leo binti yangu Zuhura kanieleza: "Baba, tiki moja ni kwamba ujumbe haujafika tu. Hata simu ikizimwa huwa hivyo. Mpigie kwa laini ya kawaida."

Nikampigia. Akapokea akicheka.

"Simu ilianguka majini nikishuka boti, siku ya Idi. Laini nimeitia kwenye kisimu kisicho na WhatsApp."

"Idi ipi?"

"Ya haki, yangu! Nikubloki wewe, Kaka? Mwakani nitabishana na nani?"

Alhamdulillahi. Nimecheka hata machozi yakanitoka.

Lakini kwa furaha nilisahau kumtaka radhi. Ewe nafsi yangu, mpigie tena leo, kabla ya magharibi.