Jani la Sale kwa Mama Ndeshi

Mama Upendo mke wangu,

Nakusalimu kutoka Marangu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, kilele cha Kibo kinatokea kidogo halafu kinapotea kama ndoto.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Vile vikapu ninavyouza vinasukwa na Mama Ndeshi, yule mama asiyeweza kutembea. Kikundi chake cha wasusi hushonea kila kikapu kitambaa chenye jina la msusi, ili mnunuzi amjue. Mimi nilikuwa nayakata majina, nawaambia watalii ni kazi ya mikono yangu. Leo nimemletea jani la sale kuomba msamaha, kama sisi Wachagga tunavyofanya.

Nimemkuta barazani anasuka na wenzake. Nikapiga magoti. Akalitazama lile jani.

"Baba Upendo, umelichuma wapi?"

"Hapo chini, mama, njiani."

"Hayo masale ndiyo mpaka wa shamba langu na la shemeji! Umekuja kuomba msamaha au kunigombanisha?"

Wakacheka wote. Mimi nikalia. Akalipokea, maana sale haikataliwi.

"Nimekusamehe. Ila kesho wageni wanakuja kununua. Utasimama mbele yao uwaambie nani alisuka, na nani alikata majina."

Nitasimama. Naogopa, mke wangu, lakini kifua kimekuwa chepesi, naona kama naelea na huu ukungu. Wabusu watoto. Na wewe nikasirikie, ni haki yako, ila usiache kula.

Mumeo