Breki Ambazo Sikuzijaribu

Mahajanga, Alhamisi jioni, mwaka wa tatu wa uhuru.

Joto tangu alfajiri, na mvua imekataa kunyesha. Nimefunga dirisha kwa sababu majirani zangu wa hapa Ampisikina wananisalimia kwa furaha, nami sina uso wa kuwaitikia. Ofisini tunaandika Kifaransa, nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi. Haya nayaandika kwa Kiswahili alichonifundisha babu, ili atakayelifungua daftari hili asielewe haraka.

Mimi ni karani mkaguzi wa bodi ya serikali inayosimamia magari ya abiria. Bodi ndiyo inayotoa leseni ya njia, inayopanga gari libebe watu wangapi, na inayonituma kukagua. Kanuni ya breki ni rahisi. Gari hupakiwa magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria wake wote, kisha mkaguzi hukaa kando ya dereva na wakateremka mlima pamoja. Magari ya Mahajanga nayajaribia njia ya Amborovy. Kanuni hiyo sijawahi kuiruka.

Isipokuwa mara moja.

Zafy alikuwa mtani wangu. Mama yangu ni Msakalava wa kisiwa cha Nosy Be, na ukoo wake na ukoo wa Zafy ni ziva, yaani watani tangu enzi za mababu. Mtani hukuvua kofia akaondoka nayo. Hukuita mtumwa wake mbele za watu, na hata msibani ana ruhusa ya kumsema maiti. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu.

Basi nilikuwa Nosy Be, siku ya mwisho ya ukaguzi, magunia nimekwisha kuyamwaga. Zafy akaja amechelewa, na gari lake linalobeba vibarua wa miwa kati ya Dzamandzar na mjini. Akaunyakua mhuri wangu mezani, akaupiga mwenyewe kwenye karatasi yake.

"Mtumwa wangu, tia sahihi, bwana wako ana haraka!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaandika: breki zimejaribiwa, nzuri.

Ningeweza kumwita kando watu walipotawanyika. Sikumwita. Niseme kweli japo hapa: nilikuwa nimechoka, na utani ukanipa kisingizio. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota meno.

Wiki tatu zilizopita gari lile lilishindwa kusimama mlimani. Wamekufa Zafy na vibarua watatu.

Leo asubuhi bodi ilikaa. Mjane wa Zafy, Soa, alikuja kwa meli kutoka Nosy Be kuomba leseni ya njia ihamie kwenye jina lake, ili kaka yake aendeshe gari jingine. Ana watoto wanne na hana tegemeo jingine. Wajumbe wakaitazama karatasi yangu. Breki zilikuwa nzuri, wakasema, basi kosa ni la dereva, ameliharibu gari yeye mwenyewe. Leseni ikafutwa. Muhtasari niliuandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Mchana nilimfuata mwenyekiti, nikamwambia breki zile sikuzijaribu. Hakupandisha hata sauti.

"Serikali hii ina miaka mitatu. Tukisema mhuri wetu ulidanganya, nani atapanda gari lolote tulilolipitisha? Nenda nyumbani, Bwana Karani. Sijakusikia."

Aibu yangu kubwa kuliko zote ni hii: nilipotoka mlangoni, nilishusha pumzi. Kazi yangu ilikuwa imesalimika.

Soa alikuwa bado ameketi kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimekusudia kumweleza yote, lakini akanitangulia kusema.

"Ziva, arobaini yake utakuja? Tangu tumzike nyumba imenyamaza. Watoto wanakungoja wewe. Nani mwingine ana ruhusa ya kumtania?"

Nikasema nitakuja.

Sasa nimekaa nikiwaza, na nimeamua. Mwenyekiti hakusikia, lakini kule Nosy Be wapo wenye haki ya kusikia kuliko yeye. Siku ya arobaini nitasimama mbele ya ukoo mzima, na mbele ya jamaa za wale vibarua watatu, niseme kwamba Zafy hakuwaua peke yake. Tulikuwa wawili. Breki sikuzijaribu, na nilichoandika ni uongo. Wakitaka kuandika mashtaka, nitatia sahihi. Kazi na iende.

Lakini nitakuwa nimesimama pale kama mtani, msibani, mahali ambapo mtani husema lolote na hakuna anayelichukua kuwa la kweli.

Naogopa watacheka.