Pamba ya Zagayu Kwenye Barakoa

Jumanne, Bariadi. Jua limewaka tangu saa mbili, na leo nina aibu. Ndogo tu, kubwa sina pa kuiweka.

Mimi niliyefikisha lori Lubumbashi, niliyekula ugali wa nchi nne, nimeshindwa kusoma namba moja.

Mwezi wa tatu nilisinzia kwenye usukani njia ya Malampaka, lori likaingia shamba la watu. Yaliumia mahindi tu. Dokta wa Mwanza akapima usingizi wangu, akasema nikilala koo linaziba na pumzi inakatika. Akanipa mashine ya kupuliza hewa puani kupitia barakoa, na sharti: nisiendeshe mpaka aridhike na namba za mashine hiyo.

Na msimu wa pamba unafunguliwa Jumamosi. Tangu biashara iachiwe watu binafsi, wanunuzi wanakimbizana vijijini. Lori likilala siku tatu, kazi ina mwenyewe mwingine.

Basi kila asubuhi nasoma kioo cha mashine. Saa za kulala, saba. Chini yake, thelathini na moja. Pembeni kuna kikatuni cha uso kimenuna. Nikadhani ndivyo kilivyozaliwa.

Thelathini na moja! Darasa la saba sikuwahi kuziona maksi hizo. Nikawatangazia mafundi gereji nzima, mmoja akaninunulia soda.

Jana nikampigia dokta, nikamsomea maksi zangu kwa mbwembwe. Akanikatiza.

"Mzee, hizo siyo maksi. Ni mara ambazo pumzi yako inakatika au inapungua kila saa. Mimi nataka chini ya tano."

Akauliza kile kiuso kinacheka au kimenuna. Nikasema kimenuna. Akasema basi hewa inavuja, barakoa haijashika uso, nimeifanya nini? Nikaanza kumweleza habari za hali ya hewa. Mama Kabula, mke wangu, alikuwa anachambua mchele. Akaichukua simu mkononi mwangu, akamsalimia Kisukuma.

"Dokta, mwangaluka. Baba Kabula ameijaza pamba. Anasema inambana pua."

Ni kweli. Pamba safi ya kijijini Zagayu, nimeichagua kwa mkono wangu. Sisi hapa sikio likiuma ni pamba, jino pamba, kidonda pamba. Pua itakataaje?

Dokta alicheka mpaka nikaona haya. Akasema niitoe, nilegeze mikanda kidogo, nimpigie baada ya wiki. Jumamosi niisahau.

Nimelala bila pamba. Leo asubuhi kiuso kinacheka, meno yote nje. Namba: tisa. Na kichwa chepesi, sijakipata hivi miaka mingi.

Lakini tisa siyo tano. Yale mahindi yangeweza kuwa mtoto wa mtu.

Nimempelekea ufunguo wa lori jirani yangu Masunga, aendeshe yeye mpaka nifuzu. Nikapitia gereji. Mafundi wakaniuliza leo nimepata ngapi, nikawaambia nimeshuka mpaka tisa.

Wamenipa pole. Nimeipokea.