Hawakutwambia ni Maji

Mama,

Shikamoo. Niwie radhi, leo sina adabu nyingi. Nina hasira.

Daktari wako alikuja jana, yule kijana wa utafiti aliyetueleza hapa Mjambere kwamba ngozi ya ndani ya utumbo wako imedhoofu, yapitisha uchafu mwilini, nao wanajaribu unga wa kuitia nguvu. Alikuja kutoa shukrani, majibu yametoka. Nikamwambia, "Mama tumeshamzika." Akasema pole. Kisha akaongeza kuwa ulitoa mchango mkubwa kwa elimu.

Wallahi, Mama, nilitaka kumpiga na kiatu.

Wakumbuka ulivyokuwa? Kuhara kusikokoma, shingo mishipa mitupu. Wakaanza kukuletea vile vipakiti vya unga, pamoja na dumu la maji safi, kwani unga haukutakiwa kukorogwa na maji ya kisima. Ukanawiri. Ukarudi kukuna nazi mwenyewe, ukanifukuza jikoni: "Toka hapa, tui lako maji matupu!" Nilicheka mpaka nikalia.

Halafu utafiti ukaisha. Gari halikuja tena. Nikaenda zahanati kuwaomba, nikaambiwa unga ni wa utafiti, si wa kugawa. Ukarudi kwenye maji ya kisima. Tumbo nalo likarudi, na mara hii...

Basi jana nikamuuliza: kama unga ulimfaa, mbona mliuondoa?

Akainama. "Mama yako hakupata dawa. Alikuwa miongoni mwa waliopewa unga mtupu, wa kulinganishia."

Kweli walitwambia tangu mwanzo kuwa wengine watapata unga mtupu. Lakini nani angedhani ni wewe, nawe ulinenepa?

"Alipona na nini, basi?"

Akasema, "Huenda ni yale maji ya dumu."

Maji, Mama! Walijua kisima chetu hakifai hata kukorogea unga wao, wala hakuna aliyetwambia waziwazi: msinywe. Tungechemsha. Ningeuza kitanda nikanunua makaa.

Nikamshika mkono mpaka kisimani. Nikamwonyesha choo kilivyo karibu. Majirani wakatoka, nikamwambia, "Waambie wao uliyoniambia mimi." Akawaambia. Bi Kibibi, jirani yetu, alikuwa ameshateka. Akaimwaga ndoo yake palepale, miguuni pa daktari.

Sasa twachemsha, sote wa kisima kile. Jumatatu, inshallah, kina mama twaenda kwa chifu kudai mfereji wa maji safi, na hatuondoki barazani kwake kwa maneno matamu.

Nawe nakuahidi: akija mtafiti mwingine, nitamkaribisha, nitampa kahawa, na kabla hajafungua mkoba wake nitamuuliza, "Siku mkiondoka, mtatuachia nini?"

Pumzika, Mama. Mola akulaze pasipo maumivu. Hasira niachie mimi, nina kazi nayo.

Mwanao,
Mwanaidi