Ubishi wa Daraja na Kiti Chekundu

Bwera, Kasese
19 Februari 2017

Mpendwa mdogo wangu Byamukama,

Nakusalimu kwa moyo mweupe kutoka huku mpakani. U hali gani na baridi ya huko Sheffield? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakitibu kwa chai tu? Sisi tu wazima. Mama yuko Kasese mjini. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Binti yangu Yvette amenipita urefu, na anajua hilo.

Kifurushi chako kilifika. Soksi tumegawana, na zile sidii mbili za roki ya Waingereza ninazo. Uliniomba niseme kweli ipi ni bora, kama tulivyokuwa tukibishana utotoni kule Kilembe juu ya kanda alizoacha mhandisi Mzungu wa mgodi. Ila kwanza nieleze: mnaiita roki mbadala, mbadala wa nini? Nimeuliza watu watatu sokoni Mpondwe, hakuna anayejua.

Majina ya bendi yanatushinda kutamka, kwa hiyo tunaziita kwa picha za majalada. Ya mwaka 1986 ni Daraja, ya 1995 ni Kiti Chekundu. Daraja ina nyimbo fupi, na mwimbaji analalamika toka mwanzo hadi mwisho kama mtu aliyenyeshewa na hana pa kwenda. Sijui nani alimuudhi. Kiti Chekundu inaanza kwa kishindo cha magitaa mengi, kama mashine ya kusaga, halafu ghafla kinakuja kiitikio ambacho hata mimi niliyeuza vitenge kutwa nzima nataka kukiimba nimesimama. Siku ya kwanza nikasema wazi kwamba Kiti Chekundu imeshinda, na kwamba magitaa ya albamu zote mbili ni kelele ileile.

Hapo shemeji yako Kataliko akaacha kula.

Lazima nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Tangu tukimbie mauaji ya Beni, kule Kongo, mwaka 2014, mume wangu alikuwa hajagusa gitaa. Lake lilibaki ukutani kule. Kwaya ikianza kupiga kanisani, hutoka nje na simu sikioni, na najua hakuna aliyempigia. Nimemwomba, nimenyamaza, nimemwachia Mungu. Imeniuma sana, Byamukama, kwa sababu mtu huyu nilimpenda kwanza kwa masikio.

Sasa sikia. Aliirudisha Daraja mwanzo, akaniambia, "Mabel, sikiliza bien. Huyu mutu iko napiga kamba moja moja, sawa solo ya kwetu Butembo. Ni sebene kabisa, ile ya kuchezesha batu! Ile ingine beko nakwaruza kamba zote mara moja tu." Nikamjibu sisikii tofauti. Akairudia. Nikasema bado sisikii. Siku ya tatu akaenda parokiani, akaazima gitaa la kwaya kwa kiongozi wao, Emérance. Lina nyuzi tano badala ya sita. "Ni ya siku mbili tu," akasema, "mupaka usikie."

Hii ni wiki ya tatu. Kila jioni tukitoka sokoni anakaa mlangoni, anapiga Daraja, kisha Kiti Chekundu, kisha ananitazama. Juzi alichomeka kitu ambacho hakimo katika albamu yoyote, wimbo wa harusi yetu. Sikugeuka. Niliendelea kuchambua maharage huku machozi yananitoka.

Nakiri kwako peke yako: Daraja ni bora, na tofauti niliisikia siku ileile alipoirudisha mwanzo. Kiti Chekundu unaimaliza kwa wiki moja. Daraja kila ukiisikiliza unakuta gitaa jingine limejificha chini ya yale malalamiko, na ndilo linalobeba wimbo wote. Je, wewe uliligundua?

Shida ni hii. Kataliko amesema wewe ndiwe mwamuzi, na barua yako ikimuunga mkono, gitaa linarudi parokiani siku hiyohiyo. Kwa hiyo nakusihi, mwandikie kwamba amekosea. Itetee Kiti Chekundu kwa nguvu zako zote, umchokoze kabisa. Na ukiweza, tafuta albamu ya tatu.

Mama anakusalimu, na Yvette, na shangazi Tumushabe wa Maliba, anayeuliza utaoa lini. Mungu akukinge na baridi hiyo, akulinde kazini na njiani.

Dada yako akupendaye, na kwa sasa kiziwi kwa hiari,
Mabel