Kwa Mkwe Wangu Aliyerudi Chuoni Mbeya

Mpendwa mkwe wangu, mama Atupele,

Hii ni mara ya kwanza nasema nawe moja kwa moja. Tangu mwanangu Lusajo akuoe, kila neno langu kwako limepitia kwa mtu mwingine, maana kwetu Unyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Wengi wameiacha mila hiyo, na siwalaumu. Mimi nilitoka Tukuyu nikiwa kijana, nikaja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai huku Mufindi, nikazeekea hapa Igowole. Wanangu hawaisemi lugha yetu. Migomba niliyoipanda imeshindwa na baridi. Heshima hiyo ndiyo iliyobaki, nami na marehemu mama mkwe wako tukaishika.

Unakumbuka siku ya kwanza? Uliingia sebuleni, ukapiga goti, ukanisalimu, "Kamwene, baba!" kwa sauti ya kwenu Tosamaganga, nami nikageukia ukutani. Nikakusikia jikoni ukiuliza, "Mama, baba anaumwa, au amenikataa?"

Mama Lusajo alicheka mpaka akakaa chini. "Haumwi, mwanangu. Ndivyo anavyokukubali."

Likizo zako zote ulizileta kwetu. Ulikuwa unasomea uongozi wa umma na biashara, na jioni ulikuwa ukimsomea mama kazi za darasani huku yeye anachambua maharage. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na kitabu changu, lakini kitabu kilikuwa hakisogei. Siku moja ulieleza kwamba ofisi ya serikali imwone mwananchi kama mteja. Sikuvumilia. Nikapaza sauti:

"Mama Lusajo, muulize huyo mtoto. Mteja asipohudumiwa dukani anahamia duka la jirani. Mwananchi asipohudumiwa halmashauri anahamia wapi?"

"Kwani mimi ni redio?" mama akasema. "Amekusikia."

Nikasikia unafunga daftari. Nikadhani nimekushinda, nikaanza kujisikia. Kesho yake, wakati wa chai, jibu likaja: "Mama, mwambie baba kwamba mwananchi hahami. Anarudi kesho na keshokutwa mpaka achoke, halafu anakaa nyumbani, na ofisini wanaandika kwamba malalamiko yamepungua. Ndiyo maana tunasoma uongozi wa umma, siyo biashara peke yake."

"Umesikia, mzee?" mama akaniuliza. "Au nirudie taratibu?"

Sijawahi kushindwa nikafurahi kama siku ile. Nilikaa nikiwaza halmashauri itakayopata ofisa kama wewe.

Halafu mama akafa. Baada ya mazishi ndugu walikaa kikao, na mdogo wangu kutoka Tukuyu akasema, "Kaka hawezi kubaki peke yake kama kisiki. Lusajo yuko njiani na lori, leo Tunduma, kesho Zambia. Mkwe yupo. Chuo hakina miguu, atakikuta." Ulikuwa umebakiza mwaka wa mwisho. Nilisema sihitaji kuangaliwa. Wakaitikia kwa huruma, wakaendelea kupanga. Wewe ulikuwa nje na wanawake, hukuulizwa. Chuo kikakuruhusu kuahirisha mwaka mmoja, ukaja.

Fikiria tulivyofanya, mwanangu. Tulimleta mtu amwangalie mzee ambaye haruhusiwi kumtazama. Uliweka chakula kwenye kigoda mlangoni, ukabisha, ukaondoka. Nilikohoa kabla ya kutoka uani ili upate nafasi ya kujificha. Atupele alikuwa mdogo mno kubeba maneno, na mama aliyeyabeba alikuwa kaburini. Nyumba ikakaa kimya. Hata maswali yako ya darasani sikuyasikia tena. Ulikuwa umeviacha vitabu hosteli.

Siku niliyoteleza pale kwenye tangi la maji mvua ilikuwa kubwa. Nilishindwa kuinuka. Ulitoka mbio, ukanikaribia, kisha ukasimama kama umegonga ukuta. Ukanigeuzia mgongo. Ukaunyoosha mkono nyuma, ukanifunika kwa mwavuli, huku wewe unaloa na unaita, "Jirani! Njooni, baba ameanguka!" Mwavuli ulikuwa unayumba. Nilikusikia unalia. Nilitaka kusema, "Mwanangu, niinue tu." Kinywa kilikataa. Mzee Mhehe wa jirani alipofika alinibeba, akanung'unika, "Mila yenu hii itakuja kuua mtu."

Mwaka wa kuahirisha ulipokaribia kwisha, nilikusikia alfajiri ukifunga mizigo. Nilijua: usiporudi sasa, nafasi yako imekwenda. Moyo wangu ulifurahi, na nikataka ulijue hilo. Nikaenda hadi mlangoni, nikakohoa. Nawe, kwa adabu yako, ukamchukua mtoto ukajificha nyuma ya jiko hadi niliporudi ndani. Kisha nikasikia bodaboda inaondoka.

Sitakudanganya kwamba naendelea vizuri. Miguu imezidi kuwa mizito. Mke wa jirani ananiletea ugali akipata nafasi. Asipopata, nalala hivyo hivyo. Ukungu ukishuka siuwashi moto, kwa kuwa kuinama ni rahisi na kuinuka ni shida. Ndugu wameyasikia haya, na wiki ijayo watakuja Mbeya, Lusajo akiwa mmoja wao. Watakuambia, "Baba anakuita."

Nimewaambia sikuiti. Mdogo wangu akanijibu kwenye simu, "Kaka, tunakujua. Mtu mzima hasemi ana njaa." Kadiri ninavyokataa, ndivyo wanavyosifu upole wangu. Nilikupigia mwenyewe, ulipoitambua sauti yangu ukampa simu Atupele, akanieleza habari za paka. Nikamwomba jirani akupelekee neno, akanitazama nilivyokonda, akasema hawezi kujibebesha dhambi. Kila anayeweza kunisemea ananihurumia. Ndiyo maana nimeleta maneno haya gazetini. Gazeti halinionei huruma, na kwa kuwa linasomwa na wote, labda wazee wa kwetu hawatasema nimesema nawe.

Kaa huko. Fanya mitihani yako. Wakikuambia hali yangu, waamini. Wakikuambia ni matakwa yangu, usiwaamini. Najua ni vigumu kutenganisha hayo mawili ukiwa na wakwe wanne wamekaa mbele yako, na Lusajo anatazama sakafu. Mimi mwenyewe usiku wa baridi sina uhakika wa kuyatenganisha.

Nakutakia mwanga katika masomo yako, na umbusu mtoto. Lakini kama wamenitangulia wakakurudisha, nawe unasoma gazeti hili hapa hapa jikoni, basi chakula chako nimekwisha kukila, na nimeshiba, na mimi nipo upande wa pili wa ukuta, sijui la kukuambia.

Baba mkwe wako,
Igowole